Mzani Ukigoma, Tufanyeje?

Somo la kusoma na kujadili katika vikundi

Leo tunaanza na kisa cha mama mmoja muuza ndizi hapa Voi. Januari mwaka jana alipimwa akaambiwa presha iko juu, na sukari ya damu imeanza kupanda ingawa haijawa ugonjwa. Kilo zake zilikuwa 92. Akaamua kubadilisha ulaji wake, na kikundi kikakubali kumpima kila mwezi. Kufikia Mei alikuwa na kilo 86. Wenzake wakampigia vigelegele.

Halafu mzani ukagoma. Juni 86, Julai 86, Agosti 86. Septemba mama hakuja mkutanoni. Tulipomtembelea alituambia, "Najinyima bure. Afadhali nirudie chapati zangu."

Hapo ndipo wengi huanguka. Si mwanzoni, bali pale mzani unaposimama. Basi tuelewe kinachotokea.

Kwa nini mzani husimama?

Kwanza, kilo za mwanzo si mafuta peke yake. Mtu akipunguza chakula, mwili hutoa pia maji mengi, kwa hiyo wiki za kwanza uzito hushuka haraka. Baadaye mwendo hupungua.

Pili, mwili mdogo hula kidogo. Gari tupu halitumii mafuta sawa na lori lililojaa. Mama wa kilo 86 anahitaji chakula kidogo kuliko alipokuwa na kilo 92. Sahani iliyompunguza Januari sasa inamtosha tu, wala haimpunguzii.

Tatu, mazoea ya zamani hurudi polepole bila kubisha hodi. Tulikaa na mama huyu tukahesabu siku yake nzima. Chai vikombe vinne, na vijiko vya sukari vimerudi kuwa vitatu kila kikombe. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 50 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo moja na nusu ya sukari, mtu mmoja! Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya 25. Tena alikuwa akionja mahamri ya watoto akiyakaanga, na tangu mvua alikuwa anapanda boda boda kwenda sokoni, si kutembea tena. Mwenyewe alicheka. "Kumbe ni mimi!"

Je, alikuwa ameshindwa?

Hapana. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusu watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, kama huyu mama. Kundi moja lilisaidiwa kubadilisha chakula na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kwa wiki, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito. Katika kundi hilo ugonjwa wa kisukari ulipungua kwa asilimia 58 kuliko kwa wale ambao hawakusaidiwa hivyo.

Asilimia 7 ya kilo 92 ni kama kilo 6 na nusu. Mama yetu alishapunguza 6. Alikuwa karibu kabisa na lengo, naye akidhani amepoteza wakati wake! Kadi yake ya kiliniki ilionyesha presha imeshuka. Kukaa miezi mitatu bila kuongeza hata kilo moja ni kazi, tena ni kazi ngumu.

Tufanye nini?

1. Tusijishindishe njaa. Anayeruka chakula cha mchana mara nyingi hula cha watu wawili usiku. Kwaresima ina mwisho wake, lakini ulaji mpya hauna siku ya kufungulia. Ukijiwekea sheria usiyoweza kuishika miaka 10, hiyo si yako.

2. Tupange sahani upya. Nusu iwe mboga: mchicha, mnavu, kunde, sukuma wiki. Robo iwe sima, wali, muhogo au ndizi. Robo nyingine maharagwe, pojo, mbaazi, samaki au yai. Hata kimanga chetu ni chakula kizuri, ila tupime kiasi.

3. Tupime mafuta kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu sawa na vijiko vidogo 7 hivi vya sukari. Kumimina kutoka kwenye mtungi kunatudanganya.

4. Turudie kutembea. Dakika 30, siku tano kwa wiki. Kubeba maji na kulima pia ni mazoezi.

5. Tupime sawasawa. Mzani uwekwe juu ya sakafu ngumu, si udongo wala mkeka. Siku ile ile ya mwezi, saa ile ile, nguo nyepesi. Uzito huweza kupanda kilo moja au mbili kwa sababu ya maji tu.

6. Wasio na mzani watumie uzi. Pima urefu wako kwa uzi, ukunje katikati, uzungushe kiunoni. Usipofika, kiuno kimezidi. Uzi huu hauwafai wajawazito.

7. Kikundi nacho kijirekebishe. Soda ndogo moja ya mililita 300 ina vijiko vidogo 7 au 8 vya sukari. Tunampima mwenzetu, halafu tunampa soda na mandazi! Maji, ndizi au njugu za kuchemsha zinatosha, na pesa zinabaki.

Tahadhari

Somo hili si la kila mtu. Ukame wa 2021 na 2022 ulituonyesha njaa katika kaunti yetu, na wengine ndovu humaliza shamba kwa usiku mmoja. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wagonjwa wasipunguze chakula bila ushauri wa mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za kisukari au presha asiziache kwa sababu kilo zimeshuka. Na anayekonda bila kukusudia aende hospitali mapema.

Mama wa ndizi alirudi mkutanoni Oktoba. Desemba alikuwa na kilo 84, na Machi mwaka huu bado ni 84. Safari hii hakukasirika. Alisema, "Acha usimame, mradi haurudi."

Maswali ya kujadili

1. Ni mazoea gani ya zamani hurudi kwetu bila kubisha hodi?
2. Nyumbani kwetu, sukari na mafuta vya mwezi mmoja ni kiasi gani? Vinagharimu pesa ngapi?
3. Mwenzetu akikata tamaa, kikundi kitamfuata vipi bila kumwaibisha?

Kazi ya mwezi: kila mmoja ahesabu vijiko vya sukari anavyotumia kwa siku tatu, alete hesabu katika mkutano ujao.