Somo: Kucha Zilizoharibiwa na Kuvu, na Namna ya Kuzitunza

Vua viatu vyako utazame vidole vya miguu yako. Usivifiche. Je, ukucha wa dole gumba umekuwa mnene? Je, umegeuka rangi, ukawa wa manjano au kama rangi ya udongo? Je, unavunjika-vunjika pembeni, na chini yake kuna unga-unga?

Watu wengi wanaofika hospitalini juu ya homa au juu ya tumbo wana ugonjwa huu pia, lakini hawautaji. Wengine wanaona haya. Wengine wanadhani ni uzee tu. Wengine wameambiwa kwamba ni ulozi. Tena wako wengine walioanza dawa, wakaiacha baada ya majuma mawili, wakisema, "Dawa hii haina nguvu." Somo hili ni kwa ajili yao wote. Ukisahau mengine, shika neno hili moja: ukucha ulioharibika hautengenezeki tena, unasukumwa mbele polepole na kukatwa, na ukucha mpya unashika nafasi yake. Kwa hiyo dawa bila uvumilivu ni kazi bure.

1. UKUCHA HUOTA NAMNA GANI

Tazama mgomba nyuma ya nyumba yako. Jani lililopasuliwa na upepo haliungani tena, hata ukilifunga kwa kamba. Lakini katikati ya shina jani jipya linatoka, zima na safi. Ukucha ni vivyo hivyo. Sehemu unayoiona imekwisha kufa, ndiyo sababu haiumi ukiikata. Mzizi wake ulio hai umefichwa chini ya ngozi, nyuma ya ukucha.

Ukucha wa mkono huota karibu milimita 3 kwa mwezi. Ukigeuka wote kuwa mpya, miezi 6 imepita. Ukucha wa mguu ni mvivu zaidi: karibu milimita 1 na nusu kwa mwezi, na ule wa dole gumba huchukua mwaka 1 hata mwaka 1 na nusu kugeuka wote. Hakuna dawa ya daktari wala ya mtu mwingine inayoweza kukupa ukucha mpya wa mguu kwa juma moja. Mtu akikuahidi hivyo, shika fedha yako vizuri.

2. UGONJWA UNATOKA WAPI

Unajua ule ukungu unaoota juu ya mkate wa zamani, au juu ya viatu vya ngozi vilivyokaa pembeni wakati wa mvua. Huo ni kuvu. Kuna kuvu za namna nyingi, na wengine huziita fangasi. Namna moja hula ngozi ngumu, nywele na kucha za watu. Ni ndogo sana, jicho haliwezi kuiona peke yake. Inapenda mambo matatu: joto, unyevu na giza. Na hayo yote matatu yanapatikana ndani ya kiatu kilichofungwa.

Mara nyingi ugonjwa hauanzi katika ukucha. Unaanza kati ya vidole vya mguu, zaidi kati ya kile kidogo na jirani yake. Ngozi inakuwa nyeupe na laini, inabanduka, inawasha, inanuka. Mtu anajikuna na kusahau. Mwaka unapita, na kuvu inaingia chini ya ukucha. Kwa hiyo ukitunza ukucha bila kutunza ngozi ya mguu, umefukuza mwizi mlangoni na kumwachia dirisha wazi.

Ni nani wanaoshikwa zaidi? Wanaovaa viatu vya mpira mchana kutwa. Wachimbaji wa zahabu wanaosimama majini. Walinzi na askari wasiovua viatu usiku. Walimu na wahubiri wa milimani wanaovaa soksi zile zile siku nyingi juu ya baridi. Wazee, kwa sababu kucha zao huota polepole. Wenye ugonjwa wa sukari, na wale ambao nguvu ya mwili wao imepunguzwa na virusi vya UKIMWI, yaani SIDA.

Kucha za mikono zina adui mwingine. Mama anayelowanisha mihogo, anayefua nguo na kuosha vyombo tangu asubuhi mpaka jioni, mikono yake haikauki. Ngozi inayozunguka ukucha inavimba na kuuma, inaachana na ukucha, na kuvu ya namna nyingine inaingia katika nafasi ile. Kwa mama huyo dawa ya kwanza ni mikono mikavu.

3. NENO JUU YA ULOZI

Mama mmoja aliyeishi kwa kufua nguo za watu alikuwa na kucha za mikono zilizonenepa na kugeuka nyeusi. Jirani walikataa bugali lake. Wakwe walianza kunong'ona. Akauza mavuno ya maharagwe ili alipe mtu aliyesema atamwondolea ulozi. Mtu yule akala fedha, na kucha zikabaki vile vile. Alipofika hospitalini hakuuliza kwanza juu ya kucha. Aliuliza kama ni kweli yeye ni mlozi. Katika labo wakakwangua unga kidogo chini ya ukucha wake, na pale ikaonekana kuvu, kama ile inayoonekana kwa mtu mwingine yeyote.

Basi ujue hili. Kuvu ya ukucha haichagui mwema wala mbaya. Haipitii katika bugali lililopikwa vema na mikono iliyooshwa. Haipitii katika salamu wala katika kiti cha kanisani. Inapitia katika viatu, soksi, wembe na kitambaa cha kujipangusa wanachotumia watu wengi pamoja, na katika sakafu yenye majimaji ya bafu. Usimkimbie mgonjwa. Usimwazime wembe, hayo yatosha.

4. SI KILA UKUCHA ULIOHARIBIKA UNA KUVU

Kati ya kucha zilizoharibika, karibu nusu tu zina kuvu. Nyingine ziliumizwa na jembe, jiwe au kiatu kinachobana. Nyingine zina funza. Nyingine zinafuata ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo usinunue vidonge sokoni kwa kutazama tu. Katika labo watakata kipande cha ukucha na kukwangua unga wake, watautia dawa ya potasi inayolainisha ukucha, kisha watatazama kwa mikroskopu. Haiumi.

Njoo upesi ukiona mstari mweusi katika ukucha mmoja tu, nao unazidi kupanuka au unapaka weusi hata juu ya ngozi. Mistari myembamba katika kucha nyingi ni jambo la kawaida kwa sisi watu weusi. Lakini mstari mmoja unaopanuka unaweza kuwa kansa, nayo haingoji.

5. HATARI ILIYO KUBWA KULIKO AIBU

Kwa mtu mwenye afya, kuvu ya ukucha inaleta aibu na maumivu ya kiatu, basi. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, au aliyepata ukoma na miguu yake imepoteza hisi, habari ni nyingine. Ukucha mnene unasukumwa na kiatu, unachoma nyama chini yake, na mtu hasikii maumivu. Kidonda kinafanyika mahali pasipoonekana. Vijidudu vinaingia, nyama inaoza, mfupa unashikwa, na mwishoni daktari analazimika kukata kidole au mguu ili kuokoa uzima. Kama wewe ni mmoja wao, tazama miguu yako kila jioni, au mwombe mtoto akutazamie. Kucha zako nene usizikate mwenyewe kwa wembe. Uje zikatwe hospitalini.

6. DAWA

Kwa ngozi ya kati ya vidole: pakaa mafuta ya Whitfield, au klotrimazoli, asubuhi na jioni, kwa majuma 4. Usiache siku mwasho unapokwisha, kwa maana kuvu ingali ipo. Mafuta ya Whitfield usiyapake juu ya kidonda, yatakuunguza. Mafuta haya yanatunza ngozi. Hayawezi kupenya ukucha ulio mgumu.

Kwa ukucha: ikiwa ugonjwa ni wa kucha chache, nao haujafika mzizi, kuna dawa za kupaka juu ya ukucha, kwa miezi mingi. Ikiwa umeingia ndani, vinatakiwa vidonge. Tangu mwaka 1958 watu walitumia griseofulvini, ambayo kwa ukucha wa mguu ilimezwa mwaka mzima na zaidi. Tangu miaka ya 1990 iko terbinafini, yenye nguvu zaidi. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 250 mara moja kwa siku, majuma 6 kwa kucha za mikono, majuma 12 kwa kucha za miguu.

Usijinunulie vidonge hivi. Vinaweza kuumiza ini. Mwambie daktari kama uliwahi kuugua ini, kama unakunywa pombe, kama una mimba au unanyonyesha, na kama unameza dawa nyingine. Dawa ya rifampisini, inayotumika kwa kifua kikuu na ukoma, inapunguza nguvu ya vidonge vya kuvu. Mama mwenye mimba angoje mpaka azae, ukucha hautamwua. Tena jihadhari na vidonge vya ketokonazoli: mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya na wa Marekani walionya kwamba visitumiwe kwa kucha, kwa sababu vimeharibu maini ya watu. Ukiwa unameza dawa ya kuvu na macho yakageuka manjano, mkojo ukawa kama chai nzito, na chakula kikakuchukiza, acha dawa siku ile ile uje hospitalini.

Usitie juu ya ukucha maji ya betri, petroli wala mafuta yanayochemka. Usiung'oe kwa koleo. Tumewapokea waliofanya hivyo. Walikuja na kuvu wakiwa na kidonda juu yake.

7. NAMNA YA KUVUMILIA

Siku ya kuanza dawa, chora alama ndogo juu ya ukucha kwa tupa ya kucha, pale sehemu nzuri inapokutana na sehemu mbaya. Usikwangue mpaka nyama. Kisha, kila mwisho wa mwezi, tazama. Ikiwa alama inasogea mbele, na nyuma yake ukucha unatoka safi, dawa inashinda, hata kama mbele bado pabaya. Ikiwa ubaya umerudi nyuma ya alama, rudi kwa daktari.

Angalia sana: siku utakapomaliza vidonge vya majuma 12, ukucha wa dole gumba utakuwa bado mbaya kwa sehemu kubwa. Usilie. Dawa inabaki ndani ya ukucha kwa miezi, ikiendelea na kazi. Lakini si wote wanaopona kwa mara ya kwanza, nasi hatutakudanganya. Wengine inawapasa kurudia.

Unakumbuka Naamani, yule jemadari. Alikasirika kwa sababu aliambiwa jambo lililo rahisi mno, kuoga mtoni, tena mara saba. Kama angetoka majini katika mara ya sita, angerudi kwake na ugonjwa wake.

8. KUJILINDA

Osha miguu kila siku kwa maji na sabuni, na kausha kati ya kila kidole. Kukausha ni kazi kubwa kuliko kuosha.

Badili soksi kila siku. Ukiwa na jozi mbili tu, vaa moja na kufua ya pili.

Viatu ukivivua, vifungue na kuvianika juani. Kama unaweza, usivae vile vile siku mbili mfululizo. Nyumbani vaa kandambili, miguu ipate hewa.

Kata kucha kwa usawa, zisiwe ndefu. Kila mtu awe na wembe wake. Chombo cha kukatia cha jamaa nzima kichemshwe dakika 20 kabla ya mwingine kukitumia. Na chombo kilichokata ukucha mgonjwa kisikate ukucha mzuri.

Bafuni pa watu wengi usiingie miguu mitupu.

Mwenye mwasho wa vidole nyumbani atunzwe upesi, na wote wenye ugonjwa watunzwe wakati mmoja. Baba akipona peke yake, atashikwa tena na watoto wake.

MAULIZO

1. Kwa nini ukucha wa mguu hauwezi kupona kwa juma moja?
2. Kuvu inapenda mambo gani matatu?
3. Jirani yako anasema ukucha mweusi ni ulozi. Utamjibu nini?
4. Kwa nini ni vema kupimwa katika labo kabla ya kumeza vidonge?
5. Ni watu gani wasiokata kucha zao nene wenyewe, na kwa nini?
6. Umemaliza vidonge na ukucha bado mbaya mbele. Utajuaje kama dawa inashinda?
7. Leo jioni, kabla ya kulala, ni jambo gani moja utakalofanya kwa miguu yako?