Maji ya fedha: yanafaa kwenye chujio, si tumboni

Kijana mmoja anayefanya kazi Nairobi alimpelekea mamake huko Mutomo, Kaunti ya Kitui, chupa ndogo ya "maji ya fedha". Mama alikuwa na homa na maumivu ya tumbo kwa siku nne. Aliagizwa anywe kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Siku ya tisa aliletwa kwangu akiwa amebebwa. Vipimo vilionyesha homa ya matumbo.

Mama alipona baada ya kupewa dawa zinazofaa. Siku ya kumchukua, mwanawe aliniuliza, "Daktari, chujio letu la maji nyumbani limepakwa fedha na tunaambiwa inaua viini. Mbona basi haikumsaidia mama?"

Swali hilo ni zuri, na nimeona nilijibu hapa kwa sababu wasomaji wengi wa mjini hutuma dawa za aina hii kwa wazazi wao Kitui, Makueni na kwingineko.

Maji ya fedha ni nini?

Fedha tunayoizungumzia si pesa za mfukoni. Ni madini yale meupe ambayo hutengenezwa bangili, herini na vijiko. Katika maji haya, madini hayo yamegawanywa kuwa chembe ndogo mno zinazoelea bila kuzama. Mchanganyiko wa namna hiyo huitwa koloidi. Maziwa nayo ni koloidi, kwa kuwa mafuta yake yametawanyika ndani ya maji.

Chembe moja ya fedha huwa na upana wa nanomita 1 hadi 100, ilhali unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Pamoja na chembe hizo, mna pia ayoni za fedha, yaani atomu zilizopoteza elektroni moja. Hizi ayoni ndizo zinazoua bakteria. Hushikamana na salfa iliyomo katika protini za kiini, protini hizo zikaacha kufanya kazi, na kiini kikafa.

Kwenye chujio

Mwaka 1981 Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni chujio la maji la udongo wa kuchomwa, ambalo hupakwa fedha ya aina hii. Machujio kama hayo yamewahi kutengenezwa hata humu nchini. Udongo huzuia viini, na fedha iliyoshika kwenye matundu yake huua vile vinavyogusana nayo. Maji hupita polepole, na viini hukaa karibu na fedha kwa muda wa kutosha. Kiasi kidogo sana cha fedha ndicho hutoka na maji.

Krimu ya fedha ambayo hospitali hupaka kwenye majeraha ya moto hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Dawa iko juu ya kidonda, na viini viko hapo hapo.

Inapokutana na chumvi

Tumboni mambo hubadilika. Tumbo lako lina asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo imejaa kloraidi, ambayo ndiyo sehemu mojawapo ya chumvi ya kawaida. Ayoni ya fedha ikikutana na kloraidi, mara moja hushikana nayo na kuwa kloraidi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka kwa urahisi. Lita nzima ya maji haiwezi kuyeyusha hata miligramu 2 za unga huo.

Wakazi wa Kitui Kusini na sehemu za Makueni wanajua jinsi maji ya visima vingi huko yalivyo na chumvi. Mtu akichanganya maji ya fedha na maji kama hayo, huenda akaona yamegeuka kama yametiwa maziwa kidogo. Hapo fedha imekwisha kushikwa kabla hata ya kufika mdomoni. Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaojitengenezea nyumbani kwa betri na vipande viwili vya fedha, kisha wakatia chumvi ili umeme upite vizuri.

Ayoni zinazosalia hukutana na protini za chakula na za mwili wako. Protini hizo nazo zina salfa, na fedha haichagui kati ya salfa ya bakteria na yako. Viini vya homa ya matumbo, kwa upande wao, hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kujificha ndani ya chembe za mwili. Fedha iliyokwisha kushikwa njiani haiwafikii huko.

Ile inayobaki mwilini

Sehemu kubwa ya fedha unayomeza hutoka kwa choo. Kiasi kinachoweza kufikia asilimia 10 huingia katika damu. Ini huondoa sehemu yake kupitia nyongo, lakini nyingine hukaa kwenye ngozi, macho na viungo vya ndani.

Wanaokumbuka picha za studio za rangi nyeusi na nyeupe wataelewa kinachofuata. Filamu ile ilipakwa chumvi za fedha, na mwanga ulipozipiga, baada ya kusafishwa kwa dawa, zikawa fedha nyeusi. Jua hufanya vivyo hivyo kwenye ngozi. Rangi ya kijivu kama jivu, au ya samawati, hutokea hasa usoni na mikononi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, tazama pia kucha, ufizi na weupe wa macho. Hali hii huitwa ajiria, na hakuna dawa ya kumeza inayoiondoa.

Stan Jones, mwanasiasa wa Montana, Marekani, alianza kujitengenezea na kunywa maji ya fedha mwaka 1999, akihofia kuwa kompyuta zingekwama mwaka 2000 na antibiotiki zikosekane. Alipogombea kiti cha Seneti mwaka 2002, ngozi yake ilikuwa imegeuka kijivu.

Tupige hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba maji ya kunywa yenye miligramu 0.1 ya fedha kwa lita yanaweza kuvumiliwa. Anayekunywa lita 2 kwa siku hupata miligramu 0.2. Glasi moja ya robo lita ya maji ya fedha yenye miligramu 10 kwa lita humpa miligramu 2.5, zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Na yale ya kutengenezwa nyumbani, nguvu yake haijulikani.

Huzuia dawa nyingine

Fedha huweza kupunguza kiasi cha antibiotiki fulani kinachoingia mwilini, zikiwemo tetrasaiklini na siprofloksasini, pamoja na dawa ya tezi iitwayo thairoksini. Kwa hivyo anayesema "nitatumia zote mbili kwa usalama" huenda akawa anaharibu ile inayofaa.

Mwaka 1999 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliamua kwamba dawa za koloidi ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu ugonjwa wowote.

Ufanye nini?

Kwanza, chujio lako la udongo lenye fedha endelea kulitumia. Lisafishe jinsi ulivyoelekezwa, na kumbuka kwamba haliondoi chumvi. Kama huna chujio, chemsha maji hadi yatokote, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Pili, homa inayozidi siku tatu, hasa ikiwa na maumivu ya tumbo, ipelekwe hospitalini ipimwe. Usisubiri kijiko cha saba.

Tatu, ikiwa wewe au mzazi wako mmekuwa mkinywa maji ya fedha, acheni, na mkifika kwa daktari mwambieni bila kuona haya. Njooni na chupa yenyewe.

Nne, kabla ya kutuma dawa yoyote nyumbani, uliza mfamasia kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Pesa za chupa ile zingemtosha mama wa Mutomo nauli ya kufika zahanati siku ya kwanza.