Kila Msumeno London Eti Ulikuwa Crimea

Nimechagua barua zilizonikera zaidi.

Nimenunua Portobello Road kasha la visu na msumeno wa kukatia miguu. Muuzaji anasema ni la Vita vya Crimea, na mpini bado una damu. Ni kweli?

Barua za aina hii zimefika nne; nazijibu kwa mpigo. Si kweli. Hiyo "damu" ni kutu iliyonyonywa na mbao, pamoja na jasho la mikono ya walioushika. Muuzaji anajua jina la Crimea linapandisha bei, basi kila msumeno wa jiji hili umefika Sevastopol!

Achaneni na hadithi, someni chuma. Mtengenezaji alipiga jina lake, na kwenye kasha mara nyingi utakuta anwani. Kwa mfano, mtengenezaji John Weiss alikuwa 62 Strand. Duka lake lilihamia 287 Oxford Street vita vimekwisha kitambo, maana viliisha 1856. Kisha shikeni mpini. Mbao na pembe za ndovu hazivumilii maji yanayochemka. Madaktari walipoanza kuchemsha vifaa, miaka ya 1880 na 1890, mpini nao ukawa chuma. Kwa hiyo msumeno wa chuma kitupu hauwezi kuwa wa Crimea hata muuzaji akila yamini. Mali ya serikali ilipigwa alama ya mshale. Kweli, madaktari wengi wa jeshi walijinunulia vifaa, lakini pasipo mshale wala jina la mwenyewe, ulichonacho ni kasha la daktari wa mtaani. Si haba, ila ulipie bei ya mtaani.

Askari wa Crimea walikatwa miguu wakiwa macho?

Kloroformu ya kuwalaza ilikuwepo. Mkuu wa madaktari wa jeshi la Uingereza huko Crimea, John Hall, aliipinga mwaka 1854. Wengi wakaitumia vilevile.

Medali yangu ya East and West Africa haina kibao kwenye utepe, ila ukingoni imechorwa Mwele. Nimeuziwa bandia?

Hasha! Vita vya Witu vya 1890 vilipewa kibao. Vya Mwele, vya 1895 na 1896 dhidi ya Mbaruk bin Rashid Mazrui huko kwetu pwani, vilichorwa ukingoni. Bandia iko kwingine: matapeli husaga jina la askari wakachora la daktari, kwa kuwa la daktari lina bei. Pimeni kipenyo, iliyosagwa hupungua. Kisha litafuteni jina kwenye daftari za medali za WO 100, katika hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew.

Niisugue kwa dawa ya shaba ing'ae?

Thubutu!

Nina lanseti za mpini wa pembe za ndovu. Niziuze?

Sheria ya Uingereza ya pembe za ndovu inasema tangu tarehe 6 Juni 2022 ukale peke yake hautoshi. Kifaa kiwe cha kabla ya 1947, pembe iwe chini ya asilimia 10, na kisajiliwe kwanza. Lanseti zako hazipiti, maana mpini wa pembe unazidi kiwango hicho. Kurithisha ruksa.

Kabla hamjatoa pesa, nendeni Hunterian Museum, Lincoln's Inn Fields, mkavione vifaa halisi. Kiingilio bure, Jumapili na Jumatatu wanafunga.