Waifai ikikatakata nyumbani

Kamera ya getini inapotea kila jioni? Kagua ruta kwanza. Itoe nyuma ya runinga, iweke juu, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu, ambayo huvuruga masafa ya gigahezi 2.4. Ruta ya laini ya simu ni tofauti: iweke kwenye dirisha linaloelekea mnara. Kwa anayeishi Bigwa au Kigurunyembe, chini ya milima ya Uluguru, kilima kikiziba mnara, kuhamia dirisha la pili kunaweza kuokoa mambo, jaribu madirisha yote. Balbu na soketi janja nyingi hushika gigahezi 2.4 pekee, hivyo usiizime ukabaki na 5. Kwenye 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.