Kinga ya Bure kwa Kompyuta ya Mtumba

Ndugu mkazi wa Nakivale, ununuapo kompyuta ya mtumba mjini Mbarara, usikimbilie kupakua programu ya kuzuia virusi. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender pamoja na ngome inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Vyote ni bure. Huenda vimezimwa ili programu za wizi zipenye, basi vikague kwanza katika Windows Security.

Ukipendelea programu nyingine, ichukue kwenye tovuti ya watengenezaji wake, na iwe moja tu, mbili hugombana. Ile ya kulipia inayogawiwa bure kwa flashi twaihofia kuliko virusi vyenyewe.

Nakala za vyeti na barua za ukimbizi zihifadhi pia kwenye flashi safi, kisha uichomoe: virusi vingine hufunga mafaili na kudai fedha.