Anayepanda na Anayevuna

Somo: Yohana 4:36-38

Leo naanza kwa kukiri. Mwaka jana, dada mmoja niliyemfundisha shule ya Jumapili tangu akiwa mdogo aliitwa madhabahuni, akaombewa, akatumwa chuo cha Biblia. Nilipiga vigelegele kama wengine. Lakini moyoni niliuliza, "Na mimi je, Bwana? Miaka yote hii?"

Ndipo nikasoma habari za Georgia Harkness, Mmethodisti wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1891. Tayari mwaka 1924 alikuwa ameandika kutetea nafasi ya wanawake katika uchungaji. Mwaka 1939 akaanza kufundisha theolojia Garrett, chuo cha wachungaji karibu na Chicago. Kabla yake hakuna mwanamke aliyeshika kazi kama hiyo katika chuo kikubwa cha Kiprotestanti huko Marekani. Hebu fikiria: vijana aliowafundisha walitoka pale wakapokelewa kuwa wachungaji kamili. Mwalimu wao je? La, kwa sababu ni mwanamke.

Hata nyumbani alipata somo. Mwaka 1937 baba yake, akiwa karibu kufa, alimwambia kwamba vitabu vyake ni vizuri, ila angependa aandike zaidi juu ya Yesu Kristo. Alilipokea neno hilo. Baadaye alipita katika ugonjwa na huzuni nzito, na mwaka 1945 akatoa kitabu cha kuwasaidia walio katika giza la roho.

Mwaka 1956 Mkutano Mkuu wa Wamethodisti ukakubali wanawake wapewe haki kamili za uchungaji. Georgia alikuwa na miaka 65. Na wapendwa, mlango ulipofunguka, yeye mwenyewe hakuomba kuingia. Miaka hiyo yote alikuwa akiwabishia wengine hodi.

Yesu alisema apandaye na avunaye watafurahi pamoja. Pamoja! Si mmoja acheke na mwingine anune. Nilitubu. Kisha nikampigia yule dada simu nikamuuliza, "Mwanangu, karo imebaki ngapi?"

Jiulize wiki hii: Ni nani anavuna nilipopanda, na je, nimefurahi naye?

Tuombe: Bwana, nitoe wivu moyoni. Nipe furaha ya mpanzi. Amina.