Matibabu Yamekwisha: Sasa Tuishije?



Leo tunazungumza juu ya wakati usiozungumzwa sana. Si wakati wa kugundua saratani, wala si wakati wa kutibiwa. Ni ule unaofuata, mgonjwa akisha kurudi nyumbani na majirani wakisha kurudi kwenye shughuli zao.

Chukueni mfano wa mume na mke wanaokaa Bulapesa, mjini Isiolo. Mke alipatikana na saratani ya titi. Alipasuliwa, akapewa dawa za kemo, kisha akapelekwa Nairobi, safari ya kilomita 270 hivi, akachomwa kwa mionzi wiki kadhaa. Mbuzi waliuzwa, harambee ikafanywa. Jumuiya Ndogo Ndogo ilisali rozari nyumbani kwao jioni baada ya jioni, na majirani Waislamu wakaleta maziwa ya ngamia na kukaa na watoto. Siku daktari aliposema, "Tumemaliza," iliombwa Misa ya shukrani, watu wakala na kufurahi.

Miezi mitatu imepita. Sasa mume analala sebuleni, naye husema ni kwa sababu ya joto. Mke huvua nguo gizani. Hawajagombana hata siku moja. Mke anawaza moyoni, "Hanitaki tena, kwa kuwa nimekatwa." Mume anawaza, "Nikimgusa nitamwumiza. Acha kwanza apate nguvu." Kila mmoja anamngoja mwenzake aseme, na hakuna anayesema.

Hawa wawili hawajaacha kupendana. Wameacha kuambiana. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nyumba hii ufa wenyewe ni ukimya.

Kwa nini wakati huu ni mgumu

Wakati wa matibabu kila mtu anajua kazi yake. Kuna tarehe ya kemo, kuna nauli ya kutafuta, kuna uji wa kupika. Matibabu yakiisha, kazi hizo zinaisha, na hofu iliyokuwa imefichwa nyuma yake inatokea. Mgonjwa akiumwa mgongo anajiuliza, "Je, imerudi?" Tarehe ya kliniki ikikaribia, usingizi unapotea. Hofu hiyo si upungufu wa imani. Karibu kila aliyepitia saratani anaijua.

Tena mwili haujarudi ulivyokuwa. Uchovu wa saratani si uchovu wa shamba unaoondoka kwa kulala usiku mmoja. Unaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Dawa nyingine za kemo huacha ganzi katika vidole vya mikono na miguu, hata kufunga vifungo vya shati kukawa shida. Aliyeondolewa tezi za kwapa anaweza kuvimba mkono, hata baada ya miaka. Huyo ajihadhari na majeraha na kuungua jikoni, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto, aende hospitali mara moja.

Basi wewe mume, usiseme, "Si walisema umepona? Mbona hufui?" Na wewe mke, usijikaze hadi kuanguka ili uonekane mzima. Kaeni chini mgawane kazi upya: nani atachota maji, nani ataamka na watoto. Matembezi mafupi jua likipungua, yakiongezwa kidogo kidogo, yanasaidia kurudisha nguvu kuliko kulala kutwa.

Chumba chenu cha ndoa

Hapa tuseme wazi, kwa heshima. Wako wanaoogopa kwamba saratani huambukizwa kwa kulala pamoja. Saratani haiambukizwi hivyo, wala kwa kikombe kimoja, wala kwa kumkumbatia mgonjwa. Wako pia wanaoogopa mionzi. Mtu aliyechomwa kwa mashine haendi nyumbani na mionzi mwilini, na anaweza kumpakata mtoto wake bila hofu.

Aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi anaweza kupata ukavu na maumivu katika tendo la ndoa, kwa sababu sehemu hizo hukakamaa na kuwa nyembamba. Dawa za saratani ya titi pia huweza kuleta ukavu na joto la ghafla. Haya yana msaada. Mwulizeni daktari au muuguzi ni lini mnaweza kurudiana na ni mafuta gani yanafaa. Wengi hawaulizi kwa kuona haya, nao wauguzi wamekwisha kuulizwa mara nyingi.

Na akina baba? Saratani ya tezi ya kibofu ni ya kawaida nchini Kenya, na matibabu yake yanaweza kumwacha mwanamume akivuja mkojo, au akiwa hana nguvu za kiume. Mama, mumeo akiwa mkali pasipo sababu, huenda anaona aibu asiyoweza kuitaja. Usimcheke, wala usimpelekee dada zako habari hizo. Mwambie kwamba uliolewa naye, si na nguvu zake.

Mpaka mwili utakapokuwa tayari, ndoa isilale. Kushikana mikono, kumpaka mwenzako mafuta mgongoni, kulala kitanda kimoja: hayo nayo ni lugha ya ndoa. Yule mume wa Bulapesa angeweza kuanza kwa maneno machache: "Mama watoto, nalala sebuleni kwa sababu naogopa kukuumiza. Niambie nifanye nini." Maneno hayo yangeondoa mzigo wa miezi mitatu.

Dawa za miaka na suala la uzazi

Baadhi ya wenye saratani ya titi hupewa vidonge vya tamoksifeni kwa miaka mitano, na wengine hadi kumi. Kosa kubwa ni kuviacha kwa kuwa mtu anajisikia mzima. Vidonge hivyo humezwa ili uzima huo udumu.

Mimba ikitungwa wakati wa dawa hizo, mtoto anaweza kudhurika. Tena dawa huvuruga siku za mwezi, hata dalili za uzazi zikawa ngumu kusomeka. Kwa hiyo ninyi mnaofuata mpango wa uzazi wa asili, msijiendeshe kwa kubahatisha. Mwoneni daktari, mwoneni mwalimu wa mpango huo aliyefundishwa vema, na mzungumze na padre wenu. Hapa kujizuia ni kazi ya wawili. Mume asimwachie mke peke yake kusema "hapana" kila usiku.

Kliniki, makaratasi na wauza dawa

Katika miaka ya mwanzo mgonjwa huitwa kliniki mara kwa mara, mara nyingi kila miezi mitatu hadi sita, baadaye kwa nafasi zaidi. Anayetoka Merti, Garba Tula au Oldonyiro hushawishika kukosa, maana njia ni ndefu na nauli ni kubwa. Mwulizeni daktari wa Nairobi ni vipimo gani vinaweza kufanyiwa hospitali ya rufaa ya Isiolo, au Meru, ambako ni kilomita 50 hivi kutoka Isiolo. Wekeni makaratasi yote katika bahasha moja: jina la ugonjwa, dawa alizopewa, tarehe za mionzi. Mwenye ndoa mmoja akisahau, mwingine akumbuke. Nendeni wawili inapowezekana, kwa sababu masikio manne husikia zaidi.

Msingoje tarehe ya kliniki mkiona uvimbe mpya, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi kisichokoma, kukonda bila sababu, shida ya kumeza, au damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma.

Mtatembelewa pia na wauzaji wa dawa za "kusafisha mwili". Msinunue kabla ya kumwuliza daktari, kwani nyingine hugongana na vidonge vya hospitali, nyingine huharibu ini. Mgonjwa akiwa na maumivu, iko Hospisi ya Meru. Neno hospisi lisiwatishe. Wauguzi wa huko hawashughulikii wanaokufa tu; hutuliza maumivu na kuwashauri wagonjwa pamoja na jamaa zao.

Deni na maneno ya ndugu

Hata kwa bima, saratani hula mali. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mmesajiliwa na mnalipa, na mwulize hospitalini kiasi gani cha matibabu kinalipiwa kwa mwaka, ili msishtukizwe.

Lakini deni linaloumiza zaidi ni la maneno. Kuna sentensi isiyopaswa kusemwa kamwe: "Wewe ndiwe uliyemaliza mbuzi wetu." Mgonjwa amekwisha kujiambia hivyo usiku mwingi. Andikeni madeni yote pamoja, mpange kulipa kidogo kidogo, na watoto wajue kwamba mbuzi walitoka ili mama abaki.

Ndugu nao watamnong'oneza mume, "Huyo hazai tena. Oa mwingine." Baba, jibu lisitoke kwa mkeo, litoke kwako, mbele yao, mapema. Siku ya arusi uliahidi kwa afya na kwa ugonjwa, na ahadi hiyo hakuna aliyeiwekea mwisho wa daktari kusema, "Tumemaliza."

Kanisa lisiondoke mapema

Jumuiya zetu hujua kumzunguka mgonjwa aliyelala. Zijifunze kumkumbuka aliyesimama. Mwezi wa sita baada ya Misa ya shukrani, piga hodi kwake bila maneno mengi. Msaidie kufua, mpe nauli ya kliniki, kaa na mwenzi wake naye apumzike, kwa maana mwuguzi wa nyumbani pia huchoka.

Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya kufia. Barua ya Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, inamtaja mgonjwa anayewaita wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Ugonjwa ukirudi au kuzidi, sakramenti hiyo inaweza kutolewa tena. Papa Yohane Paulo II aliiweka Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, nayo huadhimishwa tarehe 11 Februari. Siku hiyo nendeni pamoja, hata kama nywele zimekwisha kuota tena.

Ya kufanya juma hili

Watoto wakisha kulala, zimeni redio, mkae wawili. Kila mmoja ajibu bila kukatizwa:

1. Tangu matibabu yaishe, ni jambo gani ninaloliogopa na sijakuambia?
2. Ni kitu gani ulichonitendea wakati wa ugonjwa ambacho sijakishukuru?
3. Ni kazi gani ya nyumbani, au neno gani, lingenipunguzia mzigo kuanzia kesho?

Kisha salini pamoja: Bwana, ulitupitisha katika siku za hospitali. Tupitishe na katika siku hizi za kawaida. Fungua vinywa vyetu tusifichane hofu, na utufundishe kupendana katika mwili huu tulio nao leo. Amina.